Kisangani: Mwalimu wa Kiingereza akirudi kutoka ng'ambo, wanafunzi wa Wagenia wanapata nini?

Kwenye maporomoko ya Wagenia, mjini Kisangani, mvuvi hahitaji lugha ya kigeni ili kushusha mgono wake katikati ya maji yanayokimbia. Ana miti mirefu iliyosimikwa kati ya mawe, kamba za msitu na ujuzi wa wazee wake. Lakini mgeni akifika kutoka Nairobi au Chicago na kuuliza kwa Kiingereza jinsi mtego huo unavyojengwa, jibu linategemea kijana aliyesoma lugha hiyo shuleni. Na kijana huyo, mara nyingi, anajua kile tu ambacho mwalimu wake alijua.

Kwa mtoto wa Wagenia, Kiingereza si lugha ya pili. Nyumbani kuna Kienya, sokoni Kiswahili na Lingala, darasani Kifaransa. Kiingereza kinafundishwa sekondari, saa chache kwa wiki, na bado mwanafunzi anatakiwa kukijibu katika mtihani wa taifa unaompa diploma ya Serikali. Mwalimu wake amesoma labda kwenye Taasisi ya Juu ya Ualimu, ISP, au kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani. Anajua sarufi vizuri. Kinachokosekana kwa wengi ni kuishi, hata mwezi mmoja, mahali ambapo lugha hiyo inasemwa kutoka asubuhi hadi usiku.

Ndiyo sababu mafunzo ya ng'ambo yanavutia waalimu wa shule za umma, zikiwemo zile za makanisa zinazofanya kazi chini ya mkataba na Serikali tangu 1977.

Milango iliyopo

Mpango unaojulikana zaidi kwa waalimu wa sekondari ni ule wa Marekani unaobeba jina la seneta J. William Fulbright, ambaye sheria yake ya kubadilishana wasomi ilipita mwaka 1946. Tawi lake la waalimu huwapeleka kwa wiki 6 kwenye chuo kikuu cha Marekani. Huko wanasoma mbinu za kufundisha, wanatayarisha masomo pamoja na waalimu wa nchi nyingine, na wanaingia katika shule ya sekondari ya mtaani kutazama na kufundisha pamoja na mwalimu mwenyeji. Anayechaguliwa hulipiwa safari na makazi, na anatarajiwa kurudi kazini kwake.

Uingereza nako kuna mfuko wa A.S. Hornby, ulioanzishwa mwaka 1961. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani na mtunzi wa kamusi maarufu ya wanafunzi, na alitaka mapato ya vitabu vyake yarudi kwa waalimu. Mfuko huo umewapa waalimu wa nchi mbalimbali nafasi ya kusomea shahada ya uzamili.

Nafasi hizi ni chache, na orodha ya nchi zinazopokelewa pamoja na bajeti zake hubadilika. Anayeomba huanza kwa kuuliza ubalozi husika kama mlango uko wazi mwaka huo.

Safari inaanzia kwenye karatasi

Kwa mwalimu wa Kisangani, kizuizi cha kwanza kinakuja kabla ya mtihani wa lugha. Balozi ziko Kinshasa. Kwa mto ni kilomita zaidi ya 1,700, na boti inaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa ndege kutoka Bangoka ni mwendo mfupi, lakini tiketi inameza mishahara ya miezi kadhaa. Kuna paspoti, inayolipwa kwa dola. Kuna fomu zinazojazwa kwenye intaneti, wakati umeme wa bwawa la mto Tshopo haufiki kila nyumba wala haudumu usiku kucha.

Kizuizi kingine ni kuthibitisha kwamba mtu ni mwalimu wa umma kweli. Nchini Kongo kuna waalimu wanaoitwa "NU", yaani vitengo vipya, waliofundisha miaka kadhaa bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwalimu bora kabisa wa shule yake, lakini kwenye faili hana namba wala hati ya mshahara ya kuonyesha. Walio karibu na miji mikubwa na walio na karatasi kamili ndio wanaotangulia.

Kinachorudi ndani ya sanduku

Hata aliyefanikiwa kusafiri anarudi kwenye darasa lile lile. Projekta aliyoiona ng'ambo haipo. Wanafunzi bado wanabanana kwenye benchi moja, na kitabu mara nyingi ni kimoja, kile cha mwalimu. Akijaribu kuiga kila alichoona, atachoka baada ya wiki mbili.

Kinachodumu ni mbinu zisizohitaji umeme. Mwalimu anauliza swali, kila mwanafunzi anafikiri kimya, kisha anazungumza na jirani yake wa benchi kabla ya kusema mbele ya wote. Kwa njia hiyo darasa zima linasema Kiingereza kwa dakika 5, badala ya watatu wa mbele peke yao. Na somo linaweza kutoka mtoni: mwanafunzi amuulize babu yake kwa Kienya au Kiswahili jinsi mgono unavyosukwa, kisha aeleze hatua hizo kwa Kiingereza. Huyo kesho atamjibu mgeni.

Jambo la pili ni wenzake. Mwalimu mmoja akibaki na cheti ukutani, faida inaishia kwake. Prefe wa masomo akimpa alasiri moja kwa mwezi kuwafundisha waalimu wa shule jirani, wiki 6 za ng'ambo zinafikia mamia ya watoto.

Jirani naye ni ng'ambo

Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kikuzwe kama lugha ya mawasiliano. Uganda na Kenya, ambako shule zinafundisha kwa Kiingereza, ziko karibu kuliko Marekani. Mwalimu wa Kisangani angefika huko na Kiswahili chake kikamsaidia njiani, na madarasa atakayoyakuta, yenye watoto wengi na vitabu vichache, yanafanana na lake.

Mipango ya Marekani na Uingereza itaendelea kuchukua wachache. Kuwapeleka waalimu kwa jirani ni jambo ambalo Kinshasa na jimbo la Tshopo wanaweza kulipanga wenyewe, wakianza na kuwapa waalimu wote namba zao.