Injini za tabo zenye VVT: Mnunuzi analipia nini?

MNUNUZI anayefika Ilala au Gerezani, jijini Dar es Salaam, kutafuta injini ya mtumba yenye tabo, ni kawaida aulizwe kwanza kama anataka ya VVT au ya zamani. Wengi husema ya VVT kwa kuwa ndiyo mpya, wakatoa fedha na kuondoka. Wachache ndio wanaojua wamelipia kitu gani, na wachache zaidi wanajua kwamba kitu hicho kinaweza kufa kimya kimya huku injini ikiendelea kuwaka kama kawaida.

Safu hii wiki hii inaiangalia bidhaa hiyo kwa macho ya mtu anayeweka fedha zake ndani yake, awe ni muuza spea, mwenye gari la kukodisha au mtu anayenunua gari moja ili aliuze tena.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila silinda ina vali za kuingiza hewa na vali za kutoa moshi. Katika injini za zamani muda wa kufunguka na kufungwa kwa vali hizo umekwisha pangwa kiwandani, na haubadiliki gari likiwa kwenye foleni ya Ubungo au likikimbia barabara ya Morogoro. VVT ni mtambo mdogo ulio mbele ya kamshafti. Unasukumwa na oili ya injini, kwa amri ya kompyuta, ili kuwahisha au kuchelewesha vali hizo kadiri injini inavyotaka.

Kwenye injini isiyo na tabo mtambo huo ni msaada mzuri tu. Kwenye injini yenye tabo mambo ni makubwa zaidi, kwa sababu tabo inaendeshwa na moshi. Mizunguko ya injini ikiwa midogo, moshi ni kidogo, tabo inazunguka polepole na dereva anakanyaga mafuta bila kuona jibu. Hapo ndipo VVT inapoingia. Kompyuta inawahisha vali za kuingiza hewa ili zifunguke wakati zile za moshi hazijafungwa bado. Kwa kitambo hicho kifupi njia zote mbili ziko wazi. Ikiwa msukumo wa hewa kutoka kwenye tabo umeupita ule wa moshi, hewa mpya inafagia moshi uliobaki ndani ya silinda na kuutupa nje. Silinda inapata hewa safi zaidi, na tabo nayo inapata kitu kingi zaidi cha kuizungusha.

Mizunguko ikipanda, hesabu inageuka. Moshi unabanwa kwenye mlango wa tabo, msukumo wake unaupita ule wa hewa inayoingia, na kama njia zote mbili bado ziko wazi kwa muda uleule, moshi wa moto unarudi ndani. Silinda inapata joto, injini inaanza kugonga, na kompyuta inapunguza nguvu ili pistoni zisitoboke. Kwa hiyo vali zinacheleweshwa tena. Injini ya zamani ililazimika kuchagua upande mmoja, lakini hii inapata zote mbili.

Mfano ulio wazi kuliko yote upo sokoni: injini ya Toyota 1JZ-GTE, yenye ujazo wa lita 2.5. Ile ya mwaka 1990 ilikuwa na tabo mbili ndogo bila VVT. Ilitoa nguvu za farasi 280, na msokoto wake wa juu, Nm 363, ulipatikana kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Mwaka 1996 ilitoka nyingine, yenye tabo moja na VVT-i, ikafungwa kwenye Mark II, Chaser na Cresta za JZX100. Nguvu za farasi zikabaki zilezile 280, kwani watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutovuka kiwango hicho, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Lakini msokoto ulipanda hadi Nm 378, na sasa ulipatikana kwenye mizunguko 2,400 tu, yaani nusu ya ile ya mwanzo.

Kwa haki, si VVT peke yake iliyoleta tofauti hiyo. Tabo ilibadilishwa na kichwa cha injini kikatengenezwa upya. Hata hivyo muuzaji anayekuambia "zote ni farasi 280, bei tofauti ya nini?" hakwambii ukweli wote. Mwenye gari anayepanda Kitonga akiwa na abiria wanne na mizigo hazihitaji farasi za mizunguko 6,200. Anazihitaji zile za 2,400.

Sasa kwenye hasara. Mwandishi wa safu hii anamfahamu mnunuzi mmoja wa vitunguu anayezunguka mashamba ya Iringa na Mark II ya zamani. Injini yake ilipokufa alinunua 1JZ-GTE yenye VVT-i, akaletewa bila kompyuta yake na bila nyaya zake. Fundi akaunganisha kompyuta ya injini ya zamani. Gari likawaka, likatulia, fundi akalipwa. Baada ya wiki mbili mwenye gari akawa analalamika kwamba mlimani gari ni zito kuliko lilivyokuwa mwanzo. Akaambiwa tabo imechoka, akanunua nyingine. Hali ikawa ileile.

Tabo haikuwa na kosa. Kompyuta ya zamani haiujui mtambo wa VVT, hivyo haiutumii amri. Usipopata amri, mtambo huo hubaki mahali pake pa kupumzikia, ambapo vali za hewa zimecheleweshwa kabisa. Ni sawa na kununua cherehani ya umeme ukaizungusha kwa mkono. Kompyuta sahihi na nyaya zake vilipopatikana alikuwa amekwisha tumia fedha za tabo ambayo hakuihitaji, na msimu wa vitunguu ulikuwa umempita.

Jambo la pili ni oili. VVT inasukumwa na oili, na tabo, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya oili hiyohiyo. Kwenye Subaru za EJ20 zenye tabo na AVCS, ambayo ni VVT kwa jina la Subaru, mafuta ya tabo hupita kwenye bolti yenye tundu, na ndani yake mna chujio dogo la wavu. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa hugeuka tope, wavu unaziba, tabo inakosa oili na beringi zake zinaungua. Anayefunga tabo mpya bila kuitazama bolti hiyo anajiandaa kununua ya tatu. Forester za tabo ni nyingi barabarani Nairobi na Dar es Salaam, na mnunuzi wa gari la namna hii afadhali aulize kwanza historia ya oili kabla ya kuuliza kilomita.

Wenye dizeli wasibabaike. Injini ya 1KD ya Prado ina tabo yenye mabawa yanayojipanga, na baadhi ya wauzaji huita hiyo nayo VVT. Si kitu kimoja: pale kinachobadilika ni njia ya moshi ndani ya tabo, si muda wa vali.

Upande wa magari mapya zaidi, mwelekeo ni injini ndogo. Toyota 8NR-FTS, iliyotoka 2015 na kufungwa pia kwenye C-HR, ina ujazo wa cc 1,196, nguvu za farasi 116, na msokoto wa Nm 185 kuanzia mizunguko 1,500 hadi 4,000. Humo mafuta ya petroli hupulizwa ndani ya silinda moja kwa moja. Kwa kuwa yanaweza kupulizwa baada ya vali za moshi kufungwa, hewa inayofagia silinda haiondoki na petroli, kama ilivyokuwa kwenye injini za zamani. Kwa mwagizaji wa Tanzania, ambako ushuru wa bidhaa hupanda kadiri ujazo wa injini unavyopanda, gari la cc 1,200 lenye msokoto wa gari la cc 1,800 ni jambo la kupigia hesabu.

Tatizo ni kwamba spea za injini hizi hazijazagaa kama za 1JZ, na fundi wa mtaani asiye na mashine ya kusoma kompyuta hawezi kujua kama VVT inafanya kazi. Anayeagiza sasa kwa ajili ya kuuza atenge fedha za solenoidi ya VVT na chujio za oili ndani ya shehena hiyohiyo. Na kwa injini za mtumba, zikitoka Japani au Sharjah, mkataba utaje kompyuta na nyaya zake kwa maandishi, na malipo ya mwisho yasubiri hadi vitolewe kwenye kontena.