Haramia Asiye na Bahari: Mvuto wa Shujaa-Kinyume katika Tawasifu ya Tippu Tip

Riwaya ya mahaba ya maharamia, kama ilivyokua katika fasihi ya Kiingereza, ina kanuni yake. Utenzi wa Byron, The Corsair (1814), na riwaya ya Daphne du Maurier, Frenchman's Creek (1941), zinamweka mbele ya msomaji mtu anayeishi kwa kupora, kisha zinampunguzia hatia kwa mapenzi. Mwanamke anampenda, na msomaji anayemtazama kwa macho ya mwanamke huyo hujikuta akimpenda pia. Mhusika wa namna hii ndiye anayeitwa hapa shujaa-kinyume, yaani mhusika mkuu anayevutia ilhali matendo yake yanavunja maadili ambayo kwa kawaida humjenga shujaa. Bahari humpa mahali pasipo na sheria. Mapenzi humpa msamaha.

Katika Kiswahili, matini iliyo karibu na utanzu huo si riwaya bali tawasifu: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwandishi wake, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliiandika kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliihamishia katika hati za Kirumi na kuichapisha, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mwaka 1902 na 1903. Hakuna bahari katika masimulizi yake ya bara. Hata hivyo, nchi ya magharibi mwa Ziwa Tanganyika inafanya kazi ileile ya kiusimulizi: ni mahali ambapo amri ya Sultani wa Zanzibar haifiki, ingawa bei za soko lake zinafika.

Kinachokosekana ni mapenzi, na hapo ndipo matini hii inapodai uchambuzi wa kina zaidi. Nafasi ya mapenzi imeshikwa na undugu. Kisa cha Utetera kinaonyesha jambo hili waziwazi. Msimulizi anapata habari kwamba mtawala mzee wa huko, Kasongo Rushie, aliwahi kupotelewa na dada aliyetekwa na kuchukuliwa mbali. Anaitwaa habari hiyo na kuigeuza nasaba: mwanamke yule, anadai, aliuzwa kwa Mwarabu na ndiye bibi yake. Mzee anaamini, anampokea kama mjukuu wa ukoo, kisha anamkabidhi utawala pamoja na pembe zinazoambatana nao.

Msomaji wa Kiswahili humfahamu mtu huyu kabla hajatajwa jina. Ni ndugu wa Abunuwasi na Sungura, ambao ulaghai wao hufurahisha kwa kuwa mnyonge anamshinda mwenye nguvu. Lakini Tippu Tip anaazima sura ya mjanja huku akiwa na bunduki nyuma yake, na mfanano huo unapotosha. Isitoshe, ulaghai wenyewe umejengwa juu ya mwanamke aliyetekwa. Katika riwaya ya du Maurier mwanamke anachagua. Katika Utetera hayupo kabisa, hana kauli, na utumwa wake unakuwa hati ya kumilikisha nchi kwa mtu anayeishi kwa biashara iliyowameza wanawake kama yeye. Ni vigumu kupata katika nathari ya Kiswahili ya wakati huo mfano mkali zaidi wa jinsi usimulizi unavyoweza kumtumia mhanga mara mbili.

Mbona basi kisa kinapendeza? Jibu liko katika mtindo. Sentensi ni fupi, vita vinasimuliwa kwa sauti ileile inayotumika kuhesabu frasila za pembe, na toba haitafutwi popote. Msimulizi haombi kupendwa, na kwa sababu hiyo hiyo huaminiwa. Hata jina lake la utani, analolieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu wa Nsama aliowashinda mwaka 1867, analivaa kama pambo.

Usomaji unaoishia kwenye sifa hizi za kisanaa unakubali masharti ya msimulizi bila kuyajadili. Njia mojawapo ya kuyajadili ni kuisoma matini ukiwa umesimama mahali ambapo misafara ilipita. Ilagala iko kwenye Malagarasi ya chini, karibu na mto huo unapoingia ziwani kusini mwa Ujiji. Juu zaidi ya hapo, katika Uvinza, misafara iliyoelekea Ujiji ililazimika kuvushwa kwa mitumbwi ya wenyeji. Burton mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871 walilalamikia malipo waliyotozwa, na katika maandishi yao mwenye kivuko anakaribia kuwa mnyang'anyi. Kwa mtazamo wa mtawala wa Uvinza, aliyekuwa akitoza ushuru wa mto wake, aliyepaswa kujieleza ni mgeni mwenye silaha. Mvinza huyo hakuacha tawasifu. Malipo yenyewe yaliitwa hongo, ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu; katika Kiswahili cha leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, maana iliyo karibu zaidi na malalamiko ya misafara kuliko na haki ya mwenye mto.