Mkoma Huanza na Mzizi

Ukiteremka kutoka Maua kuelekea lango la Murera la Hifadhi ya Taifa ya Meru, mashamba ya miraa ndiyo ya kwanza kukuaga. Migomba nayo inapungua, mahindi yanakonda, na baridi ya milima ya Nyambene inabaki mgongoni. Ndani ya hifadhi, chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, vijito vya milimani vinapita kwenye nyika vikielekea mto Tana. Huko ndiko uliko mti unaomshangaza kila aliyezoea minazi: shina linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na kila ncha ina shungi lake la majani mapana kama pepeo. Ni mkoma, ambao wanasayansi huuita Hyphaene compressa. Usiuchanganye na mwale, jamaa yake anayeota hukohuko kwenye maji ya kingo za mito, mwenye majani marefu kupita kiasi.

Karibu jamii yote ya minazi na mitende ina kichipukizi kimoja tu juu ya shina. Kikikatwa, shina limekwisha. Kwa mkoma, kichipukizi hicho hujigawa chenyewe kikawa viwili vilivyo sawa. Hata hivyo mikoma mingi hatuioni katika umbo hilo. Palipo na moto wa kila kiangazi, mifugo na mapanga, mmea hukaa miaka mingi ukiwa kichaka kisicho na shina la kuonekana, majani yakitoka ardhini moja kwa moja. Mpita njia hudhani ni gugu. Kumbe chini ya udongo kuna shina hai lenye akiba ya chakula, linalosubiri kupumzishwa ili lipande juu.

Moto wenyewe hauutishi. Mti wa kawaida hupitisha chakula chake chini tu ya gamba, ndiyo maana ukiuchoma au kuuchuna kuzunguka shina, unakufa. Mkoma mishipa yake imetawanyika ndani ya shina zima. Gamba likiungua, maji na chakula huendelea kupita katikati. Ila kuna gharama: shina lisilo na tabaka la kulinenepesha haliwezi kuziba jeraha. Alama ya panga iliyochongwa na mkwezi leo itakuwepo siku mti utakapoanguka.

Siri ya kuhimili ukame imo kwenye mbegu. Koma, yaani tunda la mkoma, likiiva ni la kahawia, linang'aa, limebonyea ubavuni. Ganda lake la nyuzinyuzi ni tamu na hutafunwa; Waturkana hulitwanga kabisa. Ndani yake kuna kokwa ngumu inayochukua miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, kuota. Na inapoota, haitoi jani. Hutoa bomba nene linalozama wima ardhini makumi ya sentimita, likiubeba mche wenyewe kwenye ncha yake. Kule chini, penye unyevu na mbali na jua, mche huteremsha mizizi kwanza. Baadaye sana ndipo jani la kwanza, jembamba kama la nyasi, linapochomoza juu. Mkulima anayeona jani hilo anadhani mmea umezaliwa jana, kumbe chini umeshajijenga.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu la upandaji miti. Tangu Desemba 2022 serikali ya Kenya inahimiza kupandwa kwa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na vitalu vimejaa mikaratusi, parachichi, mukima na, kwa nyanda kame, mukau. Mukau ni mti mzuri, sina ugomvi nao. Lakini kitalu hupenda mmea unaokubali kukaa kwenye mfuko mdogo na kuuzika baada ya miezi michache. Mkoma haukubali. Bomba lake likigonga sakafu ya mfuko, linapinda, na mche unabaki kilema. Dawa yake ni rahisi: panda kokwa palepale utakapoutaka mti. Ondoa ganda tamu ili wadudu wasilifuate, loweka kokwa siku chache huku ukibadilisha maji, chimbua udongo kwa kina ili ulainike, zika, kisha zungushia miiba dhidi ya mbuzi. Panda kokwa kadhaa, kwa sababu mikoma ina dume na jike, na hakuna ajuaye ipi ni ipi mpaka maua yatoke, baada ya miaka mingi. Bila jike huli koma. Bila dume jirani, jike hazai.

Porini kazi ya kupanda hufanywa na ndovu. Humeza makoma mazima, hutembea, kisha huacha kokwa kwenye samadi, mbali na mti mama. Nyani hutafuna ganda na kutupa kokwa. Kwenye majani ya mkoma kuna mpangaji ambaye sichoki kumtazama: teleka, ndege mdogo mwenye mabawa ya mundu. Hugundisha manyoya kwa mate yake chini ya jani linaloning'inia, kisha hugundisha na mayai yenyewe yasianguke upepo ukivuma. Hulalia akiwa amening'inia wima.

Kwa binadamu, mali kubwa ni miyaa, yaani makuti machanga ambayo hayajafunguka. Hukatwa, huanikwa, huchanwa, husukwa ukili, na ukili hushonwa kuwa mkeka au kikapu. Misri ya kale walizika matunda ya jamii hii ya mikoma pamoja na farao Tutankhamun. Keren, Eritrea, kokwa ziliwahi kutengenezwa vifungo vya nguo. Botswana wanawake wa Ngamiland waliuza vikapu hadi ng'ambo, mpaka wingi wa uvunaji ukaanza kuumiza mimea na watu wakalazimika kuipanda. Kila kuti changa linalokatwa ni jani ambalo halitapika chakula; ukikata yote, kichaka kinakula akiba yake ya chini hadi kiishe. Kugema pombe ni kubaya zaidi, kwa sababu mgema hukata kichipukizi chenyewe.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na wenzao, akiwemo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Embu, walichapisha kazi juu ya tofauti za maumbile ya mkoma nchini Kenya. Waliuita mmea uliofugwa nusu. Nakubaliana nao, ila nusu iliyobaki ni kazi yetu. Nyanda za chini za Mbeere, Tharaka na mashariki ya Meru zina jua, udongo mkavu na kingo za mito zinazomomonyoka, na mkoma umeumbwa kwa mahali kama hapo. Wenye mashamba huko, na kaunti zenye vitalu, waanze na kokwa chache kando ya kijito, na kila avunaye miyaa aache kichipukizi na makuti ya kutosha kwenye kila kichaka.