Kamba Imfikie Aliye Majini

Kama umekaa Ujiji au Kibirizi unajua jinsi upepo wa ziwa unavyoamka ghafula. Mtumbwi wapinduka karibu na pwani. Watu wana kamba, lakini mkono hauifikishi. Basi, kijana wako akiagizwa shuleni kubuni mtambo wa kurusha kitu, mwambie arushe kamba.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1807 meli ya vita Snipe ilivunjika karibu na Great Yarmouth, Uingereza, na watu wengi wakafa maji mbele ya macho ya waliokuwa nchi kavu. Kapteni George Manby alikuwapo. Februari 1808 aliirusha kamba kwa mzinga mdogo hata ikafika katika meli Elizabeth, na watu saba wakaokoka.

Mwanafunzi hana haja ya baruti. Atafute mti mrefu, autie mhimili karibu na ncha moja, upande mrefu uwe kama mara nne ya ule mfupi. Upande mfupi afunge sanduku la mawe. Upande mrefu aweke kikapu, na ndani yake mfuko wa mchanga uliofungwa uzi wa nyavu. Ni kama pembea ya watoto: mzito akishuka kwa kishindo, mwepesi hurushwa juu.

Mti unapopanda, hugonga boriti, nao mfuko huruka. Boriti ikiuzuia mapema mno, mfuko hupaa na kuanguka karibu. Ikichelewa, mfuko hujipigiza chini. Uzi nao usiviringwe, ulazwe mchangani kwa kwenda na kurudi, usije ukakwama. Uzi ukishafika, ndipo huvuta kamba nene.

Kazi yenyewe ndiyo hii: abadili kitu kimoja tu kila mara, mawe au boriti, arushe mara tatu, apime kwa hatua, aandike daftarini. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya mti, na mti ufungwe kwa kigingi mpaka wote wamejitenga.

Mtambo huu haumpi mtu ruhusa ya kuingia ziwani bila boya. Lakini wewe mzazi, usiseme mtoto anacheza na mawe. Jioni muulize: “Leo umebadili nini, na mfuko umefika wapi?” Akikujibu kwa hesabu, jua anajifunza ufundi.