Mbung'o Hatagi Mayai: Jinsi Mdudu Huyu Anavyoruka, Anavyofyonza na Anavyokua

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri kijikaratasi cha afya kuhusu ugonjwa wa malale, wakitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wanavijiji. Kwa upande wa sarufi, kazi nyingi zilikuwa nzuri. Hata hivyo, wanafunzi kadhaa waliwaagiza wananchi wafyeke vichaka na "kuharibu mayai ya mbung'o". Kijikaratasi chenyewe hakikutaja mayai popote. Walijiongezea wenyewe, kwa kuwa nzi wote wanaowajua hutaga. Mkulima atakayefuata agizo hilo atatafuta siku nzima kitu kisichokuwapo, na pengine asiujali mtego uliotundikwa mbele ya macho yake. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunanuia kumweleza mdudu huyu kwa Kiswahili, ili anayetafsiri habari zake ajue anachokitafsiri.

Tuanze na jina. Sisi tunamwita mbung'o. Nchini Tanzania wengi husema ndorobo, na wapo wanaomwita chafuo, ingawa wengine humpa jina hilo nzi mwingine mkubwa aumaye ng'ombe. Kumtambua si vigumu: anapotua, mabawa yake hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na mrija wa kufyonzea huelekea mbele moja kwa moja.

Mabawa hayo hayana misuli ndani yake. Nguvu yote hutoka kifuani. Kifua cha nzi ni kama kopo gumu lenye kifuniko kinachobonyea. Misuli iliyosimama wima hukivuta kifuniko chini, na mabawa huinuka, kwa kuwa kila bawa limeegemea ukingo wa ubavu kama ubao wa pembea: upande wa ndani ukishuka, wa nje hupanda. Misuli mingine hulala kutoka mbele hadi nyuma. Inapojikaza, kifuniko hubenuka juu na mabawa hushuka. Kundi moja linapojikaza hulivuta jingine, na kule kuvutwa ndiko kunakoliamsha nalo lijikaze. Kwa hiyo mabawa hupiga kwa kasi kubwa bila ubongo kutoa amri kwa kila pigo.

Kuruka huko kuna gharama. Mbung'o hategemei sukari kama nyuki. Hutumia asidi amino iitwayo prolini, na akiba yake huisha upesi. Huruka vipindi vifupi, na kwa siku nzima muda wake angani hauzidi saa moja. Saa nyingine zote ametulia kivulini, kwenye shina la mti au chini ya tawi.

Chakula chake ni damu peke yake, na hapa dume na jike wako sawa, tofauti na mbu ambaye jike pekee ndiye anayeuma. Mrija huteremshwa kutoka mbele hadi usimame juu ya ngozi. Kwenye ncha yake kuna meno madogo yanayokwaruza na kupasua mishipa midogo, damu ikajikusanya kama kidimbwi ndani ya ngozi, naye akaifyonza. Mate yake huizuia isigande, na vimelea vya malale hupitia katika mate hayo hayo. Kifyonzaji ni pampu iliyo kichwani: misuli huinua paa la chumba kidogo, nafasi hupanuka, damu hupanda.

Akishiba, huwa amebeba damu yenye uzito sawa na mwili wake, mara nyingi hata mara mbili yake. Tumbo hutanuka hadi wekundu wa damu unaonekana. Katika hali hiyo kuruka ni taabu, na ni rahisi kuuawa au kuliwa. Basi hutua karibu na, ndani ya nusu saa hivi, hutoa sehemu kubwa ya maji ya ile damu ili apungue uzito.

Tukija kwenye ukuaji, ndipo kosa la wanafunzi wetu lilipo. Yai moja huanguliwa ndani ya tumbo la uzazi la mama, na buu hulelewa humo kwa maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu. Kila baada ya siku 9 au 10 hivi jike huzaa buu mmoja, ambaye uzito wake hukaribia au huzidi wa mama mwenyewe. Buu huyo hali kitu tena. Hujichimbia udongoni kwa kujikaza na kujilegeza, kisha ngozi yake hukauka ikawa ganda gumu jeusi. Hapo huitwa pupa, neno ambalo limewachekesha wanafunzi wetu, kwani mdudu huyu hana pupa hata kidogo: hukaa humo mwezi mzima hivi. Anapotaka kutoka, husukuma damu ya mwili hadi kichwani, kifuko kikavimba kwenye paji la uso kama puto na kulipasua ganda. Kifuko hicho hicho humfungulia njia kwenye udongo. Tangu siku hiyo hakui tena, ila misuli ya kurukia hukomaa kwa milo ya kwanza ya damu.

Mdudu anayezaa mmoja mmoja namna hii hawezi kufidia hasara haraka. Huko Unguja, kuanzia 1994, madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, walimwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996. Hapa Uganda, ambako malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, vitambaa vidogo vya buluu na vyandarua vyeusi vyenye dawa vimekuwa vikiwekwa kandokando ya mito ya West Nile tangu 2011. Mbung'o huvutwa na rangi, hugusa dawa, hufa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma nchini.

Tuliporudisha zile tafsiri darasani, mjadala uliobaki ulikuwa wa kitenzi kimoja. Wengine walisisitiza kuwa mdudu "hutaga" tu na kamwe "hazai". Tulikubaliana na "huzaa buu", na sentensi ya mayai ikafutwa, mahali pake tuliandika: "Usiking'oe kitambaa cha buluu kilichowekwa mtoni."