Mtoto anataka kusoma biashara Birmingham: mchepuo upi, na uamuzi hufanywa lini?

"Nataka kusoma biashara." Wazazi wengi wa Kiswahili hapa Birmingham wamekwisha kuyasikia maneno hayo mezani, aghalabu mwezi Oktoba, shule inapoanza kuhimiza maombi ya chuo kikuu. Majibu nayo yanajulikana. Baba atasema uhasibu, kwa kuwa mhasibu hakosi kazi. Mama atauliza kwa nini isiwe sheria au ufamasia. Mjomba aliyeko Dar es Salaam atapiga simu kushauri benki. Mtoto mwenyewe huenda anapenda masoko, au hajajua bado, na neno "biashara" ni pana kiasi cha kumpa mahali pa kujificha.

Mazungumzo hayo ni ya maana, ila mara nyingi huchelewa, tena hung'ang'ania jambo dogo. Katika mfumo wa England, jina la mchepuo lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Yaliyo mazito zaidi ni mawili: Hisabati ambayo mtoto ametoka nayo shule, na kama shahada yake ina mwaka wa kazi ndani yake. La kwanza huamuliwa akiwa na miaka 16. La pili huanza siku anapochagua kozi.

Mfumo tofauti na tuliouzoea

Mzazi aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam huenda anakumbuka shahada ya biashara ambayo wote waliianza pamoja, kisha wakagawanyika baadaye: huyu uhasibu, yule masoko. Marekani nako mwanafunzi anaweza kukaa mwaka au zaidi kabla ya kutangaza somo lake kuu. England si hivyo. Mtoto huchagua kozi yenyewe anapojaza fomu ya UCAS. Anaruhusiwa machaguo matano, na tarehe ya mwisho kwa kozi nyingi huwa Januari, miezi kadhaa kabla hajafanya mitihani yake ya mwisho. Aliyekubaliwa kusoma Uhasibu na Fedha huanza hiyo hiyo siku ya kwanza. Kuhamia Uchumi baadaye kunahitaji ruhusa, na nafasi huenda haipo.

Mlango wa katikati upo. Kozi za jumla, zinazoitwa Biashara au Biashara na Usimamizi, huwafundisha wote misingi ile ile mwaka wa kwanza, kisha kila mmoja huegemea upande wake kwa moduli anazochagua. Kwa mtoto ambaye hajaamua, hiyo ni njia salama kuliko kumsukuma kwenye jina linalopendeza masikioni mwa jamaa.

Jiji letu halina uhaba wa vyuo vya kufundisha haya. University of Birmingham ilifungua kitivo chake cha biashara mwaka 1902 chini ya William Ashley, na Lawrence Dicksee akawa profesa wa kwanza wa uhasibu nchini Uingereza. Leo kuna pia Aston, yenye sifa ya kuwapeleka wanafunzi makazini, Birmingham City University, Birmingham Newman, na University College Birmingham, inayojulikana kwa hoteli, utalii na mapishi. Chuo hicho cha mwisho kinafaa kufikiriwa na familia yenye ndoto ya biashara ya wageni Zanzibar au Mombasa.

Kila mchepuo una kazi gani?

Majina ya michepuo hayaelezi kazi yenyewe. Mfano mzuri uko mlangoni mwetu. Tarehe 5 Septemba 2023, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitoa taarifa ya kisheria iitwayo Section 114: fedha zake hazikutosha, na matumizi mapya yasiyo ya lazima yakasimamishwa. Aprili 2024 kodi ya halmashauri ikapanda kwa asilimia 9.99, na Aprili 2025 kwa asilimia 7.49. Machi 2025 wazoa taka wakaingia mgomo kamili, mifuko ikarundikana mitaani. Kila familia iliguswa. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na kazi ambazo wahitimu wa biashara hufanya kila siku.

La kwanza ni madai ya malipo sawa. Wanawake katika kazi zenye thamani sawa na za wanaume walikuwa wamelipwa pungufu, na mwaka 2023 halmashauri ilikadiria kuwa deni lingeweza kufika pauni milioni 760. Kupima kazi na kupanga mishahara kwa haki ni kazi ya rasilimali watu. Nyumbani tunaudharau mchepuo huu kama kazi ya kuajiri na kufukuza. Kumbe ukiendeshwa vibaya, unaweza kuitikisa taasisi nzima.

La pili ni mfumo wa kompyuta. Aprili 2022 halmashauri ilihamia mfumo wa Oracle kwa ajili ya fedha na watumishi. Haukufanya kazi ilivyotarajiwa, na gharama zikapanda kutoka makadirio ya pauni milioni 19 hadi karibu milioni 100. Hapo ndipo penye kazi ya aliyesoma mifumo ya habari na usimamizi wa miradi. Si lazima awe mwandishi wa programu. Anatakiwa kuwaelewa wanaoziandika, kuwaelewa wanaozitumia, na kuwa na ujasiri wa kusema "bado haijawa tayari."

La tatu ni hesabu zenyewe. Mhasibu huziandaa. Mkaguzi huzichunguza na kuziuliza maswali. Mtu wa fedha hutazama mbele: tukope kiasi gani, tuuze nini, lini. Sisi huviita vyote "uhasibu", lakini kila kimoja kinataka tabia yake. Anayependa mambo yakamilike na kufungwa hafanani na anayefurahia kubashiri.

Michepuo mingine nayo ina mahali pake. Mchumi huuliza kodi ikipanda nani ataumia zaidi. Mtu wa masoko siku hizi hushinda na takwimu za wateja kuliko na picha nzuri. Ugavi na ununuzi, ambao wazazi wachache huutaja, ni uti wa mgongo wa eneo hili la viwanda. Septemba 2025, shambulio la mtandaoni liliposimamisha viwanda vya Jaguar Land Rover, kikiwemo cha Solihull, kampuni ndogo zinazouza vipuri zilikaa bila oda. Mpango wa nini kifanyike siku kama hiyo ndiyo kazi ya mtu wa ugavi.

Hisabati kwanza

Kozi nyingi za biashara hutosheka na alama nzuri ya Hisabati ya GCSE. Uchumi ni habari nyingine: vyuo vingi vyenye ushindani huomba Hisabati ya A level. Mtoto aliyeiacha akiwa na miaka 16 hugundua akiwa na miaka 17 kwamba mlango umefungwa, wakati hakuna mtu aliyemwambia kuwa alikuwa akiufunga. Kwa fedha na uchanganuzi wa data, hata pale isipoombwa rasmi, Hisabati hiyo humrahisishia masomo.

Kwa hiyo mazungumzo ya shahada yaanze mtoto akiwa Year 10 au 11. Swali la kuuliza shule ni hili: "Akiacha somo hili, ni kozi zipi hataweza kuomba?"

Kinyume chake, wengi hawajui kwamba si lazima kusoma uhasibu ili kuwa mhasibu. Kampuni kubwa za ukaguzi hapa Uingereza huajiri wahitimu wa masomo mbalimbali na kuwasomesha wakiwa kazini. Faida ya shahada ya uhasibu ni kusamehewa baadhi ya mitihani ya bodi. Kwa ACCA, yenye mitihani 13, shahada inayotambuliwa inaweza kukuondolea hadi 9. Ni nafuu kubwa ya muda na fedha, lakini haitoshi kumlazimisha mtoto asiyeipenda kazi hiyo.

Mwaka wa kazi

Waliosoma Tanzania wanaijua fildi ya wiki chache. Hapa kuna shahada za miaka minne ambapo mwaka wa tatu mwanafunzi huajiriwa, mara nyingi kwa mshahara, kisha hurudi kumaliza. Ada ya mwaka huo kwa wanafunzi wa ndani haiwezi kuzidi asilimia 20 ya ada kamili.

Kwa familia za wahamiaji mwaka huu una thamani ya pekee. Mtoto ambaye baba ni dereva na mama anatunza wazee hana shangazi ndani ya benki wa kumshika mkono. Mwaka wa kazi humpa kile ambacho wenzake hurithi: watu wanaomjua, lugha ya ofisini, na jina la kuandika kwenye wasifu wake. Waajiri wako karibu. Makao makuu ya HSBC UK yako Centenary Square tangu 2018, na Goldman Sachs ilifungua ofisi jijini mwaka 2021. Lakini nafasi hizi hushindaniwa, na maombi huanza mapema mwaka wa pili. Kozi kuitwa "yenye mwaka wa kazi" si ahadi ya kazi. Siku ya kutembelea chuo, ulizeni: mwaka jana wangapi walitafuta, na wangapi walipata?

Ada, mkopo na riba

Ada kwa mwanafunzi wa ndani ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Aliyeanza masomo England baada ya Agosti 2023 hulipa mkopo wake kwa kukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata 30,000 hukatwa 450 kwa mwaka mzima. Kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi anaweza kuomba mkopo bila kusubiri miaka mitatu ya ukaazi. Wenye vibali vya aina nyingine wapate ushauri mapema.

Mkopo huo una riba, na kwa familia nyingi za Kiislamu hapo ndipo mazungumzo hukwama. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mfumo mbadala usio na riba, lakini hadi mwisho wa 2025 ulikuwa haujaanza. Hukumu ya dini ni ya kumuuliza sheikh mnayemwamini. La kuongeza hapa ni kwamba ipo njia isiyo na mkopo wa ada: uanagenzi wa shahada. Mwajiri humwajiri kijana, humlipa mshahara, na muda fulani humpeleka chuo hadi apate shahada. Ada hailipi mwanafunzi. Nafasi ni chache, na maombi hupelekwa kwa mwajiri kama ya kazi nyingine yoyote.

Kwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi

Hesabu yako ni tofauti. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa zaidi, na kwa shahada ya kwanza kazi ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kujiajiri hakuruhusiwi, hata kuuza nguo mtandaoni. Viza ya baada ya kuhitimu ni ya miaka miwili, lakini kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo mwaka wa kazi, ukiwa ni sehemu ya kozi, una uzito hata zaidi.

Fikiria pia upande wa nyumbani. ACCA inajulikana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ila kusaini hesabu kama mkaguzi kunahitaji usajili wa bodi ya nchi: NBAA Tanzania, ICPAK Kenya, ICPAU Uganda.

Kabla ya kutuma maombi

Kaeni pamoja, mzazi na mtoto, mkiwa na orodha ya moduli za kila kozi kati ya zile tano, na mjibu haya:

- Moduli zipi za mwaka wa pili angezisoma hata bila mtihani?
- Kuna mwaka wa kazi, na chuo humsaidiaje kuutafuta?
- Bodi gani ya taaluma inaitambua shahada hii?
- Akibadili mawazo baada ya mwaka mmoja, anaweza kuhamia wapi?
- Ada italipwa vipi, na wote nyumbani wanakubali?

Kama majibu yanaelekeza kwenye uhasibu, baba atafurahi. Kama yanaelekeza kwenye ugavi au rasilimali watu, mjomba wa Dar es Salaam aelezwe kazi hiyo inafanya nini. Mfano wa taka za Birmingham utamtosha.