SAMONI WANAUMWA, MITO INAFUNGWA... NI NINI HASA KINAENDELEA NORWAY NA SCOTLAND?

Leo tunaweka siasa na Bongo Fleva pembeni kidogo, tunaenda mtoni. Si Rufiji wala Pangani, tunaenda Ulaya ya kaskazini ambako kuna samaki anaitwa samoni wa Atlantiki. Ni yule mwenye nyama ya rangi ya chungwa mnayemwona kwenye friji za supamaketi kubwa za Dar na Nairobi akiwa na bei ya kutisha. Najua wengine mpo kafe na dakika zinahesabika, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Juni 2024 Norway ilifunga uvuvi wa samoni kwenye mito 33 kwa mpigo, tena msimu ukiwa umeshaanza. Watu walikuwa wameshalipia vibali, wameshafunga mizigo na fimbo zao, wakaambiwa basi, samaki wanaopanda mto ni wachache mno. Kuna jamaa nilisoma naye sekondari, sasa yuko huko, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya mto. Akaniandikia: "Kaka, hawa samaki wameenda wapi? Wengine wanasema ugonjwa, wengine joto, wengine wanalaumu matajiri wa vizimba. Wageni wasipokuja na mimi sina kazi." Mimi nimeishia kidato cha nne na Biolojia sikuipenda kihivyo, lakini swali lile lilinikera, nikalisoma wiki mbili nzima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza mjue samoni anaishi vipi, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Anazaliwa mtoni, kwenye changarawe, maji baridi yanayokimbia. Anakaa mtoni mwaka mmoja, miwili, hata zaidi ya mitatu kule kwenye baridi kali. Halafu mwili wake unabadilika, anakuwa wa rangi ya fedha, anaweza kuhimili chumvi, anashuka baharini. Huko anakwenda mbali, wengine mpaka karibu na Greenland, anakula ananenepa. Baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi anarudi kutaga, na anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu. Akishaingia mtoni hali tena. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini mpaka ataga. Wengi wanakufa baada ya hapo, wachache wanarudi baharini na kuja tena.

Zamani walikuwa wengi na wakubwa kweli. Mwaka 1922 dada mmoja wa Scotland, Georgina Ballantine, alimvua samoni wa ratili 64, yaani kilo 29, kwa fimbo kwenye Mto Tay. Rekodi hiyo ya Uingereza haijavunjwa mpaka leo, na iliwekwa na mwanamke, wale mnaosema uvuvi ni kazi ya wanaume mpo? Sasa linganisheni na mwaka 2023: samoni wote waliovuliwa kwa fimbo Scotland nzima walikuwa kama 32,500, idadi ndogo kuliko zote tangu waanze kuhesabu mwaka 1952. Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamtoa samoni wa Atlantiki kwenye kundi la samaki wasio na wasiwasi na kumweka kwenye wale wanaokaribia hatari. Kwa wale wa Uingereza peke yao hali ni mbaya zaidi, wao wamewekwa moja kwa moja kwenye kundi la walio hatarini kutoweka.

Tuje kwenye hali ya mto wenyewe. Mvuvi wa samoni kila asubuhi anaangalia vitu viwili: maji yamepanda au yameshuka, na yana joto kiasi gani. Mvua ikinyesha mto ukapanda kidogo, samaki waliokuwa wanasubiri mdomoni mwa mto wanapata njia, wanapanda. Kiangazi kikikaza maji yanakuwa machache na ya moto, samaki wanajazana kwenye vilindi vichache kama abiria wa daladala saa moja jioni. Maji ya nyuzi joto 10 yanabeba hewa ya oksijeni kama miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba kama 9 tu. Yaani samaki anahitaji hewa zaidi kwa sababu ya joto, na hewa yenyewe imepungua. Ndiyo maana maji yakifika nyuzi 20 mito mingi wanashauri watu waache kuvua kabisa, na kule Canada mashariki mamlaka hufunga vilindi vya maji baridi ili samaki wapumzike. Samaki aliyechoka, aliyebanana na wenzake, asiyekula miezi kadhaa, huyo ugonjwa unamkuta mlango uko wazi.

Na magonjwa yenyewe sasa. Nianze na lile lililonishangaza kuliko yote.

Kuna kidudu kinaitwa Gyrodactylus salaris. Nitakiita gairo kwa kifupi (watu wa Gairo, Morogoro, mniwie radhi). Ni kama nusu milimita tu, kinajishikiza kwenye ngozi na mapezi ya samoni mdogo kwa vikulabu na kula ngozi yake. Hakitagi mayai, kinazaa mtoto mzima, na mtoto huyo anazaliwa akiwa tayari na mimba ya mtoto mwingine tumboni! Kwa hiyo kimoja kikiingia mtoni, baada ya muda mfupi ni maelfu. Samoni wa upande wa Bahari ya Baltiki wengi wameishi nacho miaka na miaka, wamekizoea. Wa Norway na Scotland hawana kinga nacho. Kilifika Norway miaka ya 1970 pamoja na samaki walioletwa kwa ajili ya vituo vya kutotolesha vifaranga, kikasambaa kwenye mito karibu 50, na kwenye mito iliyoambukizwa samoni wadogo walipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wakafanyaje? Walitia sumu mtoni. Kweli kabisa, serikali yenyewe. Sumu hiyo inaitwa rotenoni, na hapa wazee wa kwetu watacheka, maana ni jamii ya sumu ile ile iliyomo kwenye utupa, mmea ambao watu walikuwa wanaponda na kumwaga mtoni samaki waelee. Kwetu ukikamatwa unavua kwa utupa ni kesi. Kule wanaitumia kwa mpango: kwanza wanachukua mbegu za samoni wa mto ule na kuzihifadhi kwenye benki ya jeni, halafu wanaua samaki wote wa mtoni, maana gairo bila samaki wa kumshikilia hadumu, kisha wanarudisha samoni wa ukoo ule ule. Mto Lærdal, mmoja wa mito maarufu kabisa ya samoni Norway, ulikutwa na kidudu mwaka 1996. Walijaribu rotenoni wakashindwa, wakaja na njia ya aluminiamu inayoua kidudu na kumwacha samaki hai, nayo mara ya kwanza ikashindwa, wakarudia 2011 na 2012, na mwaka 2017 ndipo mto ukatangazwa kuwa salama. Miaka 21 kwa kidudu cha nusu milimita! Mto Driva wao walitiwa dawa 2022 na 2023.

Scotland na Uingereza yote gairo hajafika, na wanaombea asifike. Anasafiri vipi? Kwenye buti lenye unyevu, kwenye wavu wa mkono, kwenye mtumbwi uliotoka mto mwingine. Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha: kausha vitu vyako mpaka vikauke kabisa, au vitie dawa ya kuua vijidudu. Kwenye mito ya Norway hili si ombi, ukihama mto mmoja kwenda mwingine lazima vifaa viwe vimekauka au vimesafishwa kwa dawa.

Ugonjwa wa pili ni wa vidonda vya kichwani vinavyoota ukungu mweupe kama pamba. Huu uliua samoni wengi mno Ireland na Uingereza kuanzia miaka ya 1960. Na kabla ya hapo, miaka ya 1870 na 1880, kulikuwa na mlipuko unaofanana nao, mpaka mwanasayansi Thomas Huxley, yule mtetezi wa Darwin, akiwa mkaguzi wa uvuvi, akauchunguza ule ukungu. Lakini ukungu ni mgeni anayekuja baadaye, kilichoanzisha kidonda hakijathibitishwa mpaka leo. Halafu mwaka 2019 wavuvi wa nchi kadhaa, Norway na Scotland zikiwemo, wakaanza kuona samoni wametoka baharini na tumbo jekundu kama wameungua. Walipimwa, hakikupatikana kidudu kimoja cha kulaumiwa.

Sasa tuje kwenye ishu inayowagombanisha watu kuliko zote: vizimba. Norway inafuga samoni baharini, tani kama milioni 1.5 kwa mwaka, kwenye vizimba kama vile vya sato vya Ziwa Victoria lakini vikubwa kupindukia. Kwenye vizimba kuna chawa wa baharini, kidudu kinachokula ngozi na damu ya samaki. Chawa huyu ni wa asili, alikuwepo kabla ya vizimba, na samoni akiingia mtoni chawa wanadondoka wenyewe kwa sababu hawawezi maji baridi yasiyo na chumvi. Tatizo ni hesabu. Sheria ya Norway inaruhusu wastani wa chawa jike mzima nusu kwa kila samaki, na majira ya kuchipua, samoni wadogo wanaposhuka, inashuka mpaka 0.2. Inasikika ndogo, sivyo? Lakini kizimba kimoja kinaruhusiwa samaki mpaka 200,000. Nusu ya hapo ni chawa majike 100,000, kila mmoja na mamia ya mayai, kwenye kizimba kimoja tu! Samoni mdogo wa porini mwenye gramu 20 anapita hapo akielekea bahari kuu, na chawa kumi hivi wanatosha kummaliza.

Serikali haikukaa kimya. Tangu 2017 pwani imegawanywa maeneo 13 yenye rangi kama taa za barabarani: kijani ongeza uzalishaji, njano baki ulipo, nyekundu punguza asilimia 6. Mimi naona hiyo asilimia 6 ni kama kumpunguzia mtu sigara moja kwenye pakiti. Lakini niseme ukweli pia, vizimba vimeajiri watu wengi kwenye vijiji vya pwani ambako kazi nyingine ni taabu, na sio kila mto ulioisha samaki uko karibu na kizimba. Bahari nayo imebadilika, chakula na joto si kama zamani, na kwenye mito mingi kati ya samoni wadogo 100 wanaoshuka, wanaorudi hawafiki watano.

Halafu kuna watoro. Agosti 2023 kule Iceland samaki kama 3,500 walitoroka kizimba kimoja na kupanda mito ya samoni wa porini, mpaka wakaletwa wazamiaji kutoka Norway kuwawinda mmoja mmoja kwa bunduki za mishale. Wakizaliana na wa porini, watoto wanatoka na damu ya kufugwa, wavivu wa maisha ya mtoni.

Swali ambalo najua litaulizwa: je, ukimla samoni mgonjwa utaumwa? Gairo, chawa wa baharini na virusi vya upungufu wa damu vilivyosumbua vizimba vya Norway kuanzia 1984 na vya Chile kuanzia 2007, vyote hivyo ni shida za samaki, havimuambukizi binadamu. Cha kuangalia kwa samoni wa porini ni minyoo, hasa nyinyi mnaoiga kula samaki mbichi. Mpike aive mpaka ndani, au agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, minyoo imekufa. Ila samaki mwenye vidonda na ukungu usimpeleke jikoni, mripoti kwa wasimamizi wa mto.

Na kwa mdau aliyeko huko anayepata nafasi ya kuvua: ukimrudisha samaki majini, lowesha mikono kwanza. Ule utelezi wa ngozi yake ndio nguo yake, ukiukwangua kwa mikono mikavu au ukimburuta kwenye mawe, ukungu unaingia hapo hapo. Mwache ndani ya maji, picha moja inatosha, Facebook haikimbii.

Nimalizie na Mto Tana. Si Tana ya Kenya, huu uko juu kabisa kaskazini, mpaka wa Norway na Finland, na Wasami wanauita Deatnu. Wasami wamevua samoni hapo vizazi na vizazi, ndio chakula chao na ndio lugha yao, kila aina ya wavu na kila saizi ya samaki ina jina lake. Tangu 2021 kuvua samoni kulipigwa marufuku huko, pande zote mbili za mto. Wakati huo huo, kila mwaka wenye namba witiri, 2017, 2019, 2021, 2023, samoni wa waridi wa Pasifiki wanaingia kwa wingi. Warusi ndio waliowapandikiza kwenye Bahari Nyeupe, hawana asili huko. Wote wanakufa wakishataga na kuoza mtoni. Mwaka 2023 serikali ilijenga uzio mtoni kuwazuia. Watoto wa Deatnu wanakua wakiona samaki wageni wakijaa mtoni, na nyavu za babu zao zimening'inia ukutani.